Sheria Iliyokata Upande Mmoja

Wahenga walinena kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno unaochagua mbao za kukata si chombo cha fundi tena, bali ni silaha ya aushikaye.

Tulitazame Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani. Kanuni zake za mwaka 1990 zilimzuia mtu mwenye mwenzi wa jinsia yake kushika uchungaji. Mwenye maelekeo hayo sharti akae useja. Mwaka huohuo sharika mbili za San Francisco ziliwaweka wakfu wachungaji watatu walioikataa ahadi hiyo. Zilisimamishwa, na mwishoni mwa 1995 zikafukuzwa. Mwaka 2001 usharika mmoja wa mji wa St. Paul, Minnesota, ulimweka wakfu Anita Hill kinyume cha kanuni zizo hizo. Huo ulikaripiwa rasmi, ukabaki ndani ya kanisa. Kosa moja, adhabu mbili.

Bradley Schmeling wa Atlanta alimweleza askofu wake waziwazi kwamba ana mwenzi. Alishtakiwa, na Julai 2007 akaondolewa katika orodha ya wachungaji. Mwezi uliofuata, Mkutano Mkuu uliofanyika Chicago uliwasihi maaskofu wajizuie kuwaadhibu wachungaji wa namna yake, ilhali kanuni yenyewe haikufutwa. Mwanafunzi wa sarufi ataiona kasoro mara moja: kanuni ilisema wachungaji hao wamezuiwa, azimio likasema maaskofu wajizuie. Kwa mnyambuliko huo, hatima ya mchungaji ilitoka katika maandishi ikaingia moyoni mwa askofu wake.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ndiyo huruma, na kwamba kanisa linalobadilika lahitaji muda wa kupumua. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, huruma isiyotangazwa kwa wote ni upendeleo. Aliyenyamaza aliendelea kuhubiri. Aliyesema kweli alihukumiwa. Kanuni ya aina hiyo hufunza uficho, na kanisa ndilo linalopaswa kuwa la mwisho kuufunza.

Wala anayeiunga mkono kanuni hapati faida. Sheria isiyofuatwa mahali pengine hupoteza heshima kila mahali, hata inapokuwa sahihi.

Agosti 2009, mjini Minneapolis, wajumbe waliibadili kanuni hiyo kwa kura 559 dhidi ya 451. Mwaka 2010 Schmeling alirejeshwa katika orodha. Mwaka huohuo baadhi ya waliopinga uamuzi huo walijitenga, wakaunda kanisa lao. Mgawanyiko huo ulikuwa mchungu, lakini angalau kila upande ulijua unasimama wapi.

Msomaji anaweza kuukubali uamuzi huo au kuukataa. Hilo ni suala la imani yake. Ninalolitetea hapa ni jambo dogo zaidi, nalo lahusu makanisa, vyama na vyuo vyetu pia: kanuni inayofaa itekelezwe kwa wote, na isiyofaa ifutwe hadharani. Kuiacha ining'inie ni kumwonea mkweli.