Usukani Hausuguliwi kwa Mchanga

Neno "usukani" ni letu watu wa bahari. Kabla ya motokaa kufika pwani hii, usukani ulikuwa nyuma ya jahazi, na aliyeushika alikuwa na amana ya roho za watu. Basi asishangae msomaji ukurasa huu wa utamaduni ukizungumza habari za usukani wa gari, tena kutoka Manyatta ya Kisumu, mji ambao reli iliyoanzia kwetu Mombasa iliufikia mwaka 1901.

Huko tulikuta Mercedes ya miaka ya 1960 imeletwa kwa fundi. Mwenyewe aliitaka kesho yake ikachukue bibi harusi, na usukani wake uwake. Kijana wa gereji akatwaa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, akatia na mchanga. Alipokisuuza kile kipete cha honi, kilikuwa kimejaa mikwaruzo, na penginepo kimegeuka manjano.

"Mwanangu, umeila ngozi yake," akasema fundi mkuu. "Sikuambiwa, Jaduong'," akajibu kijana, kama waitwavyo wazee huko. Jioni mwenye gari akamkata ujira.

Kumbe kromu si chuma kizima. Ni utando usiofika sehemu moja katika elfu ya milimita, uliolazwa juu ya nikeli, na manjano ile ndiyo nikeli yenyewe. Nayo ikilika, kutu huingia. Mama zetu husugua sinia za shaba kwa ndimu na majivu zikang'aa, kwa kuwa shaba ni shaba mpaka ndani. Kromu haistahimili hayo, na alumini haipatani na magadi. Kila madini yana adabu yake.

Kazi yenyewe si ngumu, ila yataka subira. Maji ya vuguvugu na sabuni laini. Kitambaa cha pamba. Mswaki mwororo penye maungio. Kisha kukausha papo hapo. Dawa ya kung'arishia kromu itiwe kidogo tu, ifutwe yote. Mafuta na nta visipakwe mahali pa kushika, usukani usije ukamteleza dereva mkononi penye kona. Na pale paliposuguliwa na viganja vya madereva wa miaka mingi paachwe; hiyo ndiyo tarehe ya gari.

Sisi hatumlaumu kijana. Lawama ni ya mwenye mali aliyetaka kazi ya siku mbili ifanywe kwa saa moja, kisha hasara akamtwika asiyefunzwa. Wenye magereji wawafundishe vijana kabla ya kuwakabidhi kazi, na wenye magari walipe muda wa fundi, si mng'aro peke yake. Wahenga walisema, kitunze kikutunze. Anayetaka chombo cha zamani kimpambe siku ya harusi, na akitunze hata siku zisizo na harusi.