Bingwa Hutengenezwa na Walioshindwa

Majuma machache yaliyopita, mwishoni mwa kipindi, mwanafunzi wangu mmoja alinikabili kwa hoja ambayo sikuweza kuipuuza. Tulikuwa tukijadili ukosefu wa ajira. Akasema, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuamua, kwamba kubeti nako ni kazi, na kwamba wapo watu duniani wanaoishi kwa karata na kuonyeshwa katika televisheni kama wanavyoonyeshwa wanariadha. Ushahidi wake ulikuwa World Series of Poker, mashindano yanayofanyika kila mwaka Las Vegas, Marekani. Nilimwahidi jibu. Jibu lenyewe limo katika historia ya mashindano hayo hayo aliyoyataja.

Poka, kwa asiyeijua, ni mchezo wa karata ambamo wachezaji huwekeana dau wao kwa wao. Kila mmoja huficha karata zake na kuwasoma wenzake usoni; anayeweza kuwatisha wakajitoa huchukua fedha zote, hata kama karata zake ni dhaifu. Mashindano haya yalianza mwaka 1970 katika kasino ya Horseshoe, mali ya Benny Binion, mtu wa Texas aliyewahi kufungwa kwa kukwepa kodi. Mwaka huo walikusanyika wacheza kamari wachache waliokuwa wakifahamiana, na bingwa wao, Johnny Moss, alipatikana kwa kura za wenzake. Mwaka uliofuata kura iliachwa: kila mchezaji alitoa kiingilio, akacheza mpaka alipoishiwa, na aliyebaki peke yake akawa bingwa. Mwaka 1972 kiingilio cha shindano kuu kilifikia dola 10,000, na hakijabadilika hadi leo.

Wazee wale walikuwa mafundi wa kazi yao, na walikuwa wakinyang'anyana fedha wao kwa wao wakijua fika wanachokifanya. Hata hivyo ufundi haukuwa kinga. Stu Ungar, ambaye wengi humhesabu kuwa mwenye kipawa kikubwa kuliko wote, alitwaa ubingwa mwaka 1980, akaurudia mwaka 1981, na baada ya miaka mingi ya kuzama katika dawa za kulevya akautwaa tena mwaka 1997 na kushinda dola milioni moja. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1998, alikutwa amekufa katika chumba cha hoteli ya bei nafuu jijini humo. Alikuwa na umri wa miaka 45, na utajiri wake wote ulikuwa umekwisha.

Kwa zaidi ya miaka thelathini mashindano haya yalibaki kuwa ya watu wa namna hiyo. Kilichoyageuza ni mambo matatu yaliyokutana mwaka 2003. La kwanza lilikuwa intaneti, iliyomwezesha mtu kucheza akiwa nyumbani kwake. La pili lilikuwa kamera ndogo zinazozionyesha karata zilizofichwa, ubunifu wa Henry Orenstein, mtengenezaji wa vitu vya watoto aliyenusurika katika kambi za Wanazi. Kwa kamera hizo mtazamaji aliweza kuona anayedanganya na anayedanganywa. La tatu lilikuwa mtu: Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, ambaye jina lake halisi, kana kwamba lilitungwa na mtangazaji wa biashara, lina maana ya mtengeneza fedha. Aliipata nafasi yake kwa kushinda mchujo wa intaneti wenye kiingilio cha chini ya dola 100. Shindano kuu lilikuwa na washiriki 839. Akawashinda wote na kuondoka na dola milioni 2.5.

Tangu siku hiyo bidhaa ilibadilika. Awali kilichouzwa kilikuwa mchezo. Sasa kikauzwa kisa cha mtu wa kawaida aliyetajirika. Ujumbe ulikuwa mfupi: kama mhasibu ameweza, wewe unashindwa nini? Na watu walikuja. Mwaka 2004 washiriki walikuwa 2,576. Mwaka 2005 walikuwa 5,619. Mwaka 2006 wakafika 8,773, na bingwa Jamie Gold akapewa dola milioni 12.

Wahenga walisema: usione vyaelea, vyaundwa. Hebu tuuangalie mti uliochongewa chombo hiki. Zile milioni 12 hazikuchimbwa ardhini wala hazikuwa hisani ya kasino. Zilikuwa viingilio vya washiriki. Kati ya watu 8,773, waliolipwa chochote walikuwa 873. Watu 7,900 walirudi makwao mikono mitupu, na majina yao hayakutangazwa popote. Nyuma yao walikuwapo wengine wengi zaidi, wale walioshindwa katika michujo ya intaneti, ambao ada zao ndogo ndogo ndizo zilizojumlishwa zikawa kiti cha mtu mmoja. Bingwa hutengenezwa na walioshindwa. Bila wao hana hata senti.

Dola nayo ilichelewa kuamka. Oktoba 2006 Marekani ilitunga sheria ya kuzuia malipo ya kamari haramu za intaneti, na mwaka uliofuata washiriki walishuka hadi 6,358. Lakini baadhi ya kampuni ziliendelea, mpaka tarehe 15 Aprili 2011, waendesha mashtaka walipozishukia kampuni tatu kubwa kwa siku moja. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba Full Tilt Poker, iliyojengwa juu ya majina ya wachezaji mashuhuri, ilidaiwa na wateja wake takriban dola milioni 390 huku benki ikiwa na takriban milioni 60 tu. Wateja walidhani fedha zao zimehifadhiwa. Zilikuwa zimekwisha kutumika.

Nataka kuwa mkweli kwa mwanafunzi wangu. Katika poka ujuzi upo, na mchezaji hodari hupambana na mchezaji mwenzake. Kasino hujichukulia ada yake na kukaa pembeni. Zaidi ya hapo, mashindano ya Las Vegas hutangaza idadi ya washiriki, idadi ya waliolipwa na kiasi alicholipwa kila mmoja. Ndiyo maana nimeweza kuzifanya hesabu hizi. Sasa tujiulize: mkeka anaoupanga kijana wetu kwenye simu una hata uwazi huo? Mpinzani wake ni kampuni inayopanga yenyewe viwango vya malipo, na imevipanga ili ibaki na faida. Redioni anasikia sauti ya mshindi ikitetemeka kwa furaha. Hasikii kamwe ni mikeka mingapi iliyochanika wiki hiyo ili furaha ile ilipiwe.

Tanzania ilitunga Sheria ya Michezo ya Kubahatisha mwaka ule ule wa 2003, na tunacho chombo cha kuisimamia. Pendekezo langu kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu ni dogo na halihitaji kupiga marufuku chochote: kila tangazo la mshindi lilazimishwe kutaja, kwa sauti ile ile na kwa herufi za ukubwa ule ule, idadi ya walioweka dau na jumla ya fedha walizopoteza. Hazina inayokusanya kodi kutokana na michezo hii haiwezi kudai kwamba takwimu hizo ni siri. Kama biashara hii ni halali, haina sababu ya kuogopa hesabu yake yenyewe.

Na kwa wanafunzi, hasa mnaosubiri bumu liingie ili mlijaribu bahati yake usiku huo huo: kazi ni ile ambayo watu wote wakiifanya kwa bidii, wote hupata kitu. Wakulima elfu wakilima, chakula huongezeka. Wacheza kamari elfu wakicheza, fedha ni zile zile, zikipungua kwa ada ya mwenye meza. Mwanafunzi wangu aliniuliza kuhusu bingwa. Mimi namwomba awakumbuke wale 7,900, kwa sababu miongoni mwao ndimo wengi wetu tungekaa.