Dogo wa Mgwashi Hakuua Kompyuta kwa Umeme wa Kijijini, Acheni Uongo

Wadau, ile klipu ya staa wa gemu akimcheka dogo wa Mgwashi imezunguka wiki nzima. Dogo yuko laivu, anaeleza kwa adabu kabisa kwamba kompyuta yake inafunga gemu kila baada ya dakika chache. Staa anamkata: "Dogo, umeme wa huko milimani ndo unaua mashine, hamia mjini." Basi watu mbavu hawana. Picha za utani zikatoka, mara kompyuta imefungashwa kwenye tenga la kabichi, mara inaota moto na wazee wa Kisambaa.

Haya, mmecheka vya kutosha.

Kompyuta hiyo haikuokotwa shambani. Ilinunuliwa mjini, kwenye duka ambalo staa huyohuyo alilipigia debe, tena dogo alitumia namba yake ya punguzo. Hela ilikuwa ya viazi vya misimu miwili, nyingine mama yake alikopa kikoba. Mpango ulikuwa mchana vijana wacheze gemu kwa kulipia, usiku ahariri video za harusi. Ndani wakamwekea Core i9 ya kizazi cha 13. Wanaofuatilia kompyuta hapo wameshaguna.

Maana hii siyo siri. Julai 2024 Intel wenyewe walikiri kwamba prosesa zao za kompyuta za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zinaomba volteji kubwa kupita kiasi, na hiyo ndiyo inayozichosha mpaka zinaanza kuyumba. Watu walilia Marekani, wakalia Ulaya, huko ambako hakuna wa kusingizia umeme wa Usambara. Agosti mwaka huohuo wakatoa marekebisho yanayoingizwa kwa kuapdeti baiosi, na waranti ya prosesa za boksi ikaongezwa kutoka miaka mitatu hadi mitano. Wakasema wazi pia kwamba marekebisho hayo ni kinga tu. Prosesa iliyokwisha umia haiponi, inabadilishwa.

Sasa angalia dalili za dogo. Gemu inapoanza kupakia inajifunga, kisha yanatokea maandishi kwamba memori ya kadi ya picha imejaa, wakati kadi yenyewe ina memori kibao. Windows inabaki hewani, feni zinazunguka, muziki unaendelea. Jamani, umeme gani huo unachagua kufunga gemu na kuacha muziki? Umeme mbovu upo na unaua, hakuna anayebisha, ila ukikatika mashine yote inazima kwa mpigo, na ukipanda sana unaunguza pawa saplai. Tena dogo ana UPS. Na kwa baridi ya Mgwashi, ukungu mpaka dirishani, prosesa inapumua vizuri kuliko ya huyo staa wa Dar anayelala na feni mbili.

Fundi wa duka naye kafanya nini miezi mitano? Kapiga Windows upya mara tatu, kila mara kwa hela. Kamuuzia RAM mpya (kupima RAM si dhambi, ila hakupima, aliuza). Baiosi hakuigusa. Dogo mwenyewe ndiye aliyeingia humo akashusha kidogo kasi ya prosesa, gemu ikakaa saa nne bila kujifunga. Akairudisha juu, ikajifunga palepale. Kipimo hicho cha bure kinaelekeza kidole kwa prosesa kuliko kila alichofanya fundi.

Panapouma zaidi ni boksi. Duka lilibaki nalo. Risiti imeandikwa kwa mkono, "kompyuta 1 kamili", hakuna jina la prosesa wala namba yake. Waranti ya miaka mitano ipo, lakini dogo ataidai kwa karatasi gani? Alipopiga simu, "Kaka, naombeni basi hata boksi," akajibiwa waranti ya dukani ni wiki mbili na zimepita.

Mashabiki wa staa wanasema yeye hakutengeneza prosesa. Ni kweli, hajatengeneza hata kava la simu. Lakini alilipwa ili vijana waliamini duka lile, na siku kijana mmoja aliyeamini aliporudi na tatizo, akamgeuza kiki. Simu moja tu kwa mwenye duka ingetosha boksi litafutwe. Hakupiga.

Mama wa dogo bado anapeleka marejesho ya kikoba kila wiki. Klipu haijafutwa, na namba ya punguzo ya lile duka bado ipo kwenye ukurasa wa staa, juu kabisa.