Pointi za shamba lako ziko katika telefone ya nani?



Kila mara tukizungumza juu ya intaneti na wakulima, mazungumzo yanaenda kwa bei na kwa makuta. Ni kweli, mtu wa Kalehe anaweza kujua asubui bei ya maharagi kule Goma kupitia kundi la WhatsApp, na M-Pesa ao Airtel Money inamlipa bila kupanda mtumbwi. Hayo tumeshayazoea. Lakini kuna jambo lingine linaloingia kimya-kimya, na mimi naliona kubwa kuliko bei: wale vijana wanaopita mashambani na telefone, wanasimama katikati ya kahawa, wanagonga kioo mara moja, wanauliza jina, wanaondoka.

Sababu ni sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115. Inasema kahawa, kakao, mawese, kauchu, soya, mbao na ng'ombe haviruhusiwi kuingia Ulaya kama vimetoka kwenye udongo uliokatwa msitu nyuma ya tarehe 31 Desemba 2020. Ili kushuhudia hivyo, mwenye kuingiza mali lazima aonyeshe kila shamba liko wapi. Shamba la kahawa lisilopita hektari 4, pointi moja ya GPS inatosha. Likipita hapo, wanazunguka mipaka yote. Tarehe ya kuanza imesogezwa zaidi ya mara moja, na wengine wanacheka: "Si walisema ni mwaka jana?" Wasicheke sana. Mnunuzi mwenye akili hangoji tarehe, anakusanya pointi tangu sasa.

Angalieni vizuri: sheria ile haimwombi mkulima wa Idjwi karata yoyote. Mwenye kuombwa ni kampuni inayoingiza kahawa kule. Bila pointi zetu, kontena yake haipiti bandarini. Basi pointi ni mali, sawa na kahawa yenyewe. Na mali hiyo tunaitoa bure, hata nakala hatubaki nayo.

Tuseme musimu huu mnunuzi mmoja analeta vijana wake. Wanapima mashamba ya memba 300 kwa juma mbili, na fishie yote inaenda mjini ndani ya kompyuta yake. Musimu unaofuata anakuja mwingine, anaongeza franka 200 kwa kilo ya serizi. Anauliza: "Muko na pointi za mashamba?" Kamati inaangaliana. Hakuna. Kupima upya kunataka siku, pikipiki na chakula cha vijana, na kahawa haingoji: serizi iliyovunwa asubui inapaswa kuingia mashineni siku ile ile. Wanarudi kwa mnunuzi wa kwanza, kwa bei yake. Hakuna mkataba uliowafunga, hakuna mtu aliyewalazimisha. Ni fishie tu.

Nasikia jibu: kampuni ndiyo iliyolipa ile kazi, basi ni yake. Nakubali nusu. Mafuta ya pikipiki ni yake. Jina, shamba na kilo ni vya memba. Hata hapa Kongo, Code du numérique, ile Ordonnance-loi 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu nzima juu ya kulinda habari za mtu. Si lazima mwende tribinali. Mara nyingi inatosha kuitaja mezani mbele ya kusaini.

Kuna pia memba wanaokataa kupimwa kabisa. Wanasema: "Leo pointi, kesho taksi." Siwacheki. Tangu 2020 mpaka mwanzo wa 2022 tulikatwa RAM ndani ya yuniti zetu juu ya kuwa na telefone tu, na aliyeumwa na nyoka akiona jani anashituka. Lakini pointi si cheti. Haikupi udongo, wala haikunyang'anyi. Tangu sheria ya 1973 udongo ni wa Serikali, na wengi wetu tunalima kwa ruhusa ya chifu ao kwa kukodi. Pointi haigeuzi hayo.

Kinachoniogopesha zaidi ni jina linaloandikwa kando ya pointi. Kijana anafika, anamkuta mama akipalilia, anauliza: "Mama, bwana yako anaitwa nani?" Anaandika jina la bwana. Kahawa ni ya mama, jasho ni la mama, jina ni la mzee. Na siku malipo yakianza kupita kwa telefone, yatafuata jina lile. Kamati zinazosema "tutarekebisha baadaye" ziangalie: jina likishaingia katika kompyuta ya watu wengine, kulitoa ni safari ndefu.

Kazi yenyewe si ngumu. Programu kama KoboCollect ni ya bure na inafanya kazi hata pasipo rezo: unapima mchana shambani, jioni ukifika penye rezo unatuma. Pointi iwe na tarakimu 6 nyuma ya koma, na mpimaji asimame mahali pa wazi, si chini ya migomba minene. Kijana wa kijiji aliyemaliza shule anajifunza kwa siku moja. Kooperative inapaswa tayari kuwa na registre ya memba, basi mwongeze safu mbili ndani yake: pointi ya shamba na namba ya telefone ya memba mwenyewe.

Nakala moja ibaki kwenye depo, ya pili kwa karani, ya tatu mbali na kijiji kwa mtu wa kuaminika. Telefone zinaibiwa, na sisi wa Kivu tunajua namna mtu anavyotoka nyumbani usiku: anabeba mtoto na godoro, habebi kaye. Ila fishie hiyo isitupwe kwenye kundi la WhatsApp. Majina, mashamba na kilo za watu 300 si habari ya kila mtu, zaidi sana kwa nyakati hizi.

Mbele ya ununuzi wa serizi kuanza, mkutano mkuu upige kura juu ya jambo hili. Kisha ajenti yeyote atakayekuja kupima apewe karata ya kusaini, yenye sharti moja: nakala ya fishie inabaki hapa siku ile ile, kabla hajawasha pikipiki yake.