Bosi, mtandao ulikata: binti wa mapokezi kakosa nini?

Wadau, kuna stori inazunguka huku kwetu njia ya Bagamoyo–Msata. Leo naisema, ila majina yanabaki mfukoni. Bosi mmoja ana bustani ya sherehe pale Fukayosi, zile za harusi za nje, taa zimening'inia kwenye miti, watu wa Dar wanakuja na makosta. Kamwachisha kazi binti wa mapokezi. Kosa? "Hapokei simu." Wateja wawili walipiga mchana kutwa, hola. Mmoja kapeleka send-off yake kwingine, na vijana wa kupika na kupanga viti wakakosa posho ya siku.

Ukiuliza vizuri unaambiwa siku hiyo intaneti ilikuwa chini. Na namba mbili za kwenye bango zote ni za intaneti: moja simu ya ofisi inayopita kwenye ruta, nyingine ya WhatsApp, laini yenyewe imelala kwenye droo. Simu haikuita kabisa. Binti angepokea nini jamani?

Mimi nasema wazi: simu ya biashara isipopatikana kwa sababu mtandao umekata, hilo ni la mwenye biashara. Yeye ndiye aliyechagua namba gani ziwekwe kwenye bango.

Na si kwamba haya mambo hatuyajui. Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, serikali ikatuambia ni eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikawa ya kuomba Mungu, hadi Ubalozi wa Marekani pale Dar ukafunga milango kwa umma kwa siku mbili. Halafu Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimika nchi nzima kwa siku kadhaa. Baada ya hapo bado unaweka namba ya intaneti peke yake?

Simu ya kawaida ya Fukayosi kwenda Dar inapita kwenye minara na mitambo ya humu humu nchini, haina safari ya baharini. Simu ya WhatsApp inahitaji kufika kwenye mitambo iliyoko nje ya nchi ndipo iunganishwe. Ndiyo maana mkongo ukikatika WhatsApp inakufa huku shangazi yako wa Kiwangwa anaendelea kupiga umbea kwenye kiswaswadu chake.

Shida yetu ni mbwembwe. Kupiga kwa dakika tunaona ushamba, kila mtu "nicheki WhatsApp". Sawa, lakini biashara haiendeshwi kwa mbwembwe.

Cha kufanya wala si kikubwa. Bango liwe na namba moja ya kawaida, na iwe ndani ya kiswaswadu chenye chaji pale mapokezi. Kwenye hiyo laini bonyeza **62*, weka namba ya pili, malizia na #, kisha piga. Simu ikizimwa au ikikosa mnara, anayepiga anahamishiwa kwenye hiyo ya pili. Iwe ya kampuni nyingine, na ya kwanza iwe na salio. Ile simu ya intaneti ya ofisi, waambie waliokufungia waiweke ijihamishie kwenye namba ya kawaida ruta ikipotea hewani. Kisha jaribu mwenyewe: chomoa ruta siku moja, piga, sikiliza kinachoita. Umeme nao usisahau, ruta bila betri ya akiba inazima Tanesco wakikata. Na advansi ya ukumbi mteja anaweza kuituma kwa *150*00# na zile nyingine bila bando lolote.

Kuna watakaosema kununua bando la kampuni ya pili kunatosha. Ruta ikiharibika, linasaidia. Mkongo ukikatika, kampuni zote mbili zinaweza kuwa zinapita humo humo, utalipa mara mbili na bado ukae kimya. Wengine watasema gharama. Kiswaswadu ni nafuu kuliko keki ya send-off, bana.

Wapo mabinti wanaochati huku simu inaita, sibishi. Lakini kabla ya kumfukuza mtu uliza swali moja: iliita? Kama haikuita, huna kesi.

Huyo binti nasikia anategemewa na mama yake na wadogo zake wawili. Bosi, mwite arudi, mlipe siku zake, mkabidhi na kiswaswadu. Hakuna atakayekucheka.

Wadau mnasemaje, nimekosea?