Ngome ya Afya Huanzia Shehiani

Maradhi ya UVIKO-19 yalitangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa ni janga la dunia nzima tarehe 11 Machi 2020, na haikutimia wiki mbili ila nasi hapa Zanzibar tulikuwa tumekwisha kupata mgonjwa wetu wa kwanza. Hali ya dharura ya kimataifa iliondolewa tarehe 5 Mei 2023. Miaka imepita, ndoo za maji na sabuni zimeondoka milangoni mwa maduka, na watu wamerejea katika shughuli zao. Huu ndio wakati unaofaa wa kutazama nyuma kwa utulivu na kujiuliza: ni kitu gani hasa kilichotukinga, na ni kitu gani kilichotupungukia?

Visiwa vyetu havikuanza juzi kupambana na maradhi ya kuambukiza. Bandari inayoleta neema huleta pia maradhi. Katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia mjini Unguja na kuua watu kwa maelfu. Mwaka 1978 kilizuka tena, wakaugua watu zaidi ya 400 na wapatao 50 wakafariki. Kikaendelea kuturudia mara kwa mara, mpaka ule mripuko mkubwa wa 2015 na 2016 uliowaangusha maelfu ya wenzetu. Kila mara tulijifunza kwa gharama kubwa. Mwaka 2009 chanjo ya kipindupindu ya kunywa ilitolewa katika baadhi ya shehia za Unguja na Pemba, na ikadhihirika kwamba hata wasiochanjwa walipata nafuu pale ambapo majirani zao wengi walichanjwa. Hilo ni somo kubwa: afya ya mtu mmoja ni amana iliyo mikononi mwa jirani yake.

Msingi wa huduma zetu uliwekwa baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ilipotamka kwamba matibabu ni haki ya kila mwananchi bila ya malipo. Kutokana na siasa hiyo vituo vya afya vilisambazwa mashamba na mijini, hata leo walio wengi sana miongoni mwetu wanaishi ndani ya kilomita 5 kutoka kituo cha afya. Aidha, afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina Wizara yake, mipango yake na dhamana yake. Kwa hiyo mafanikio ni yetu, na upungufu nao ni wetu kuurekebisha.

Janga la UVIKO-19 liliupima msingi huo. Katika Machi 2020 skuli zilifungwa na ndege za watalii zikazuiwa, katika nchi ambayo mwaka 2019 ilipokea wageni zaidi ya nusu milioni. Mwaka 2020 idadi hiyo ilishuka kwa takriban nusu. Waliotegemea mahoteli, wavuvi waliouza samaki huko, wakulima wa mboga na madereva wa taksi, wote walionja machungu ya hatua hiyo. Wakati huo huo vipimo vya mwanzo vililazimika kuvuka bahari kwenda Dar es Salaam, na mgonjwa akingojea majibu huku familia yake ikikaa roho juu.

Katika hali hiyo, nani alimfikia mwananchi kwanza? Ni muuguzi wa kituo kidogo cha shamba, ni sheha anayejua nyumba ipi imepokea mgeni, na ni mhudumu wa afya wa kujitolea anayepita mlango kwa mlango. Mpango wa Jamii ni Afya umewapanga wahudumu hao, zaidi ya 2,000, katika shehia zetu. Hawa hawasubiri mgonjwa aletwe kwa gari. Wao ndio wanaomwendea. Mama wa Micheweni au Makunduchi akielezwa na mtu anayemjua na kumwamini, husikia. Akielezwa na sauti asiyoijua, huenda akakaa na uvumi aliousikia kisimani.

Hapa hatuna budi kusema jambo moja kwa uwazi. Tangu mwanzoni mwa Mei 2020, kwa muda wa zaidi ya mwaka, takwimu za wagonjwa zilikoma kutangazwa nchini. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humfichua. Pale ambapo habari rasmi haipo, uvumi hukamata usukani: mmoja husema maradhi yamekwisha, mwengine husema watu wanakwisha, na daktari hajui ajitayarishe kwa vitanda vingapi. Serikali ya Awamu ya Sita ilipoingia madarakani Machi 2021 iliunda kamati ya wataalamu, ikarejesha utoaji wa taarifa, na chanjo zikaanza kutolewa mwaka huo huo. Faida ya njia hiyo ilionekana zaidi mwaka 2023 huko Kagera, maradhi ya Marburg yalipozuka. Yalitangazwa bila ya kuchelewa, waliokutana na wagonjwa wakafuatiliwa mmoja mmoja, na maradhi yakazimwa katika muda wa miezi michache yakiwa yamewapata watu 9 na kuua 6. Ukweli uliotamkwa mapema uliokoa roho za watu.

Tunaipongeza kwa dhati Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kwa kutumia fedha za mkopo nafuu wa 2021, uliotolewa kukabili athari za janga hilo, kujenga hospitali 10 za wilaya pamoja na Hospitali ya Mkoa ya Lumumba. Hizi ni hatua ambazo wazee wetu waliziota. Hata hivyo jengo ni jengo. Hospitali ni daktari aliyepo zamu, ni dawa iliyopo rafuni, na ni habari inayotoka shehiani ikafika wilayani siku ile ile. Tukiyapamba majengo tukamsahau mhudumu wa kujitolea, tutakuwa tumejenga ghorofa ya juu na kuacha chini kukiliwa na mchwa.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa ngazi zote wayatazame mambo matatu. Kwanza, wahudumu wa kujitolea wapatiwe posho kwa wakati na vitendea kazi vya uhakika, kwani kujitolea kusifanywe kuwa kisingizio cha kumwacha mtu afanye kazi na njaa. Pili, maabara za Unguja na Pemba, ikiwamo ile ya afya ya jamii ya Wawi iliyoanzishwa mwaka 2000, ziwekewe akiba ya vifaa kabla ya dhiki, ili kipimo cha Mpemba kisingoje upepo wa kusi. Tatu, visiwa vidogo kama vile Tumbatu, Kojani na Fundo viwe na chombo cha kubebea wagonjwa kilicho tayari usiku na mchana, chenye mafuta na nahodha. Kwa mgonjwa wa Kojani, hospitali ya wilaya iliyo ng'ambo ya maji bila ya boti ni sawa na hospitali iliyo Bombay.

Wananchi nao wana wajibu wao. Dini yetu imetufundisha, karne nyingi kabla ya darubini, kwamba tauni ikiingia katika nchi asiye humo asiende na aliye humo asitoke. Kujitenga ukiwa mgonjwa, kumwambia ukweli mhudumu anayekubishia hodi na kuwapeleka watoto kwenye chanjo si hisani tunayoifanyia Serikali. Ni haki ya jirani juu yetu.

Janga jengine litakuja, na halitaomba ruhusa bandarini. Likija litabisha kwanza katika mlango wa nyumba ya kawaida, shehiani. Bajeti zetu na zianze kuhesabu kutoka hapo kwenda juu.