Taa za 'enaji seva' zinaondoka sokoni: Uzing'oe leo au usubiri ziungue?

Dar es Salaam. Ile taa yenye mrija wa kioo uliojizungusha kama springi, ambayo wengi wanaiita 'enaji seva', imefika mwisho wa safari yake.

Chini ya Mkataba wa Minamata unaohusu madini ya zebaki, nchi wanachama hazitakiwi tena kutengeneza, kuagiza wala kuuza nje taa hizo za wati 30 kushuka chini baada ya mwaka 2025. Nchi inayohitaji muda zaidi inatakiwa isajili ombi lake. Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo tangu mwaka 2020.

Kwa hiyo zile ulizofunga sebuleni ni kosa? Hapana. Katazo ni la viwandani na mipakani, halimgusi aliyenazo tayari nyumbani.

Ila swali linabaki: uzing'oe zote leo ununue za LED, au uache ziungue zenyewe? Jibu linategemea zaidi ni taa gani, iko wapi na inawaka saa ngapi.

Shujaa wa enzi za mgao

Tusizidhulumu taa hizi, kazi zimefanya. Katikati ya miaka ya 2000 ukame ulikausha mabwawa ya umeme Afrika Mashariki, na wakazi wa Dar es Salaam wenye umri wa kutosha wanaukumbuka mgao wa mwaka 2006.

Uganda, ambako maji ya Ziwa Victoria yalishuka na umeme wa Jinja ukapungua, iligawa enaji seva 800,000 kwa wananchi. Kenya nayo ikagawa milioni 1.25 bure mwaka 2010, ukirudisha globu yako ya kizamani unapewa mpya.

Sababu ilikuwa nyepesi. Globu ile ya waya, yenye mwanga wa njano, hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme kuwa joto. Kwa mfuga vifaranga hiyo ni neema. Kwa anayetaka kusoma usiku ni pesa inayopotea hewani.

Hesabu ya LUKU

Chukua nyumba yenye taa nne, kila moja inawaka saa tano kwa siku. Zikiwa globu za wati 60, kwa mwezi zinakula uniti 36. Ukifunga enaji seva za wati 14 zenye mwanga unaokaribiana na huo, zinakula uniti 8.4. Ukifunga LED za wati 9, uniti 5.4.

Sasa weka bei. Mteja wa kawaida wa Tanesco wa kundi la T1 hulipa Sh292 kwa uniti, na ukijumlisha VAT na tozo inafika takribani Sh356. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU iache pembeni.

Kutoka globu ya kizamani kwenda enaji seva, nyumba hiyo inaokoa kama Sh9,800 kwa mwezi. Kutoka enaji seva kwenda LED inaokoa takribani Sh1,070 tu.

Hapo ndipo matangazo mengi ya taa yanapokwepa kusema ukweli wote. Akiba kubwa ulishaipata siku ulipoachana na globu ya waya. Tuseme LED moja inauzwa Sh3,000: nne ni Sh12,000, na kwa akiba ya Sh1,070 utazirudisha baada ya kama miezi 11.

Kwa wateja wadogo wa kundi la D1, wanaolipa Sh100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo kwa uniti 75 za kwanza, inachukua karibu miaka mitatu.

Lakini hao hao wa D1 ndio wenye cha kupoteza zaidi wakiwa bado wanatumia globu za kizamani. Uniti 36 ni karibu nusu ya uniti zao 75 za bei chee. Friji na pasi vikiongezeka kidogo tu wanavuka mstari, na kila uniti inayozidi inauzwa Sh350 kabla ya kodi. Yaani taa tu ndiyo inakutoa kwenye unafuu.

Anza na ya nje, malizia ya chooni

Taa ya kwanza kubadilisha ni ya nje. Ile ya ulinzi inawaka kuanzia jioni hadi asubuhi, kama saa 12. Ikiwa ni globu ya wati 60 inakula uniti 21.6 kwa mwezi, sawa na takribani Sh7,700 kwa mteja wa T1. Ikiwa LED ya wati 9 inakula uniti 3.2. Hiyo inajilipa ndani ya mwezi wa kwanza, na hakuna sababu ya kusubiri iungue.

Chooni ni habari nyingine. Hapo taa inawaka dakika tatu inazimwa, inawaka tena, na enaji seva haipendi kabisa mchezo huo. Kila inapowashwa inajichosha, na inachukua muda kidogo kufikia mwanga wake kamili. Ndiyo maana watu wananunua taa iliyoandikwa 'saa 8,000' kwenye boksi, halafu inaungua kabla hata ya mwaka. Umeme wa kupanda na kushuka na taa feki nazo zinachangia, ila na sehemu ilipofungwa pia.

Kama unazo enaji seva nzima, zihamishie sebuleni au kwenye chumba ambacho taa ikiwashwa inakaa. Chooni, stoo na kwenye ngazi weka LED, maana zenyewe hazisumbuliwi na kuwashwa na kuzimwa. Usizifunge ndani ya kava lililozibwa kila upande, kwa sababu joto linaua saketi iliyoko kwenye kitako.

Kwa nini ziondolewe sasa

Kama tofauti ya umeme ni ndogo hivyo, kelele ni ya nini? Ni ya zebaki.

Ndani ya mrija kuna mvuke wa zebaki, na bila huo taa haitoi mwanga. Ni kiasi kidogo, kwa kawaida hakizidi miligramu tano, wakati kipimajoto cha kizamani cha hospitali kilikuwa na kama miligramu 500. Taa moja haitaua familia. Mamilioni ya taa yakiishia jalalani ni hesabu tofauti.

Pendekezo la kuziondoa lilitoka Afrika yenyewe, likiwasilishwa na Botswana na Burkina Faso, na likapitishwa Bali, Indonesia, Machi 2022. Hofu ilikuwa kwamba nchi tajiri zikihamia LED, mzigo wa taa za zebaki utamiminwa huku kwa bei ya kutupa.

Hofu hiyo haijaisha. Kinachokatazwa ni kuagiza, lakini stoo za maduka zina mzigo wa zamani na mwenye duka anataka hela yake irudi. Ukikuta enaji seva zinauzwa bei ya karanga, jua sababu. Na ukinunua LED usiangalie wati peke yake, tafuta lumeni. Inayolingana na globu ya wati 60 inapaswa kuwa na lumeni kama 800. Boksi lisiloonyesha lumeni wala alama ya TBS, mrudishie muuzaji.

Ikivunjika ndani

Usikimbilie ufagio, kwa sababu unatawanya zebaki. Toa watoto chumbani, zima feni, fungua madirisha na mlango, kisha mwache kila mtu nje kwa dakika 10 hivi.

Baada ya hapo okota vipande kwa karatasi ngumu, vumbi lake lichukue kwa gundi ya selotepu, malizia kwa kufuta na karatasi iliyoloa. Vyote viingie kwenye chupa yenye kifuniko au mfuko uliofungwa vizuri, na vitoke nje ya nyumba. Nawa mikono.

Iliyoungua bila kuvunjika ndiyo mtihani. Tanzania ina kanuni za taka za kielektroniki, lakini kwenye mitaa mingi gari la taka likipita kila kitu kinaingia kiroba kimoja: maganda ya ndizi, pampasi na taa. Kwingine taka zinachomwa uani, na hapo zebaki inapaa na moshi moja kwa moja puani mwa wanaoishi jirani.

Mpaka manispaa ziweke mapipa ya kukusanyia, kinachowezekana nyumbani ni kidogo: irudishe kwenye boksi lake, iweke mbali na watoto, usiichome, usiipasue, na usimpe fundi akang'oe saketi huku mrija ukivunjwa pembeni. Muulize muuzaji wa LED kama anapokea mbovu. Wengi watashangaa swali, lakini likiulizwa na wateja 20 kwa wiki litaanza kuonekana la kawaida.

Zamu inayofuata ni ya zile taa ndefu za mrija zilizojaa maofisini, madarasani, makanisani na misikitini. Nazo zina zebaki, na mkutano wa nchi wanachama uliofanyika Geneva mwaka 2023 uliweka mwaka 2027 kuwa mwisho wake. Shule yenye madarasa 20 itakuwa na mamia ya mirija ya kutupa kwa mkupuo mmoja.